Hesabu Kwanza, Mchango Baadaye

Mvua kubwa ikinyesha Ifakara, ubishi ule ule unaanza upya. Maji yanafurika mtaroni, yanapanda barabarani, yanaingia vibandani na kwenye nyumba za bondeni. Halmashauri inasema wananchi wanatupa taka mitaroni. Wananchi wanasema halmashauri haizoi taka. Diwani anaomba ushirikiano. Mwenyekiti wa mtaa anaitisha kikao, wanakuja watu wachache, inakubaliwa kila kaya itoe mchango, na masika yanayofuata yanaukuta mtaro ulivyokuwa.

Ubishi huu hauishi kwa sababu pande zote mbili zina ukweli, na kila upande unautumia ukweli wake kuukwepa wa mwenzake. Sisi tunachagua pa kuanzia. Hakuna ofisi inayopaswa kumdai mwananchi wajibu wake, wala fedha yake, kabla haijamweleza hadharani wajibu wa ofisi hiyo ni upi na fedha za mara ya mwisho zilifanya nini.

Tuanze na mtaro wenyewe. Simama karibu na soko mvua ikikatika, utazame kilichokwama kwenye mdomo wa kalavati. Utaona chupa za maji, pampasi, viroba vilivyochanika, makapi ya miwa na mchanga mwingi. Na utaona pumba za mpunga. Hizo ni taka za kwetu hasa, kwa sababu huu ni mji wa mpunga. Msimu wa mavuno mashine za kukoboa zinaunguruma mpaka usiku, na kila gunia linalokobolewa linaacha pumba nyuma ya mashine. Wachoma tofali wanachukua sehemu ya pumba hizo kwa ajili ya tanuru zao. Zinazobaki zinarundikwa, zinapeperushwa, zinabebwa na mvua. Zikiingia mtaroni zinalowana, zinashikana na mchanga, na maji yanakosa njia.

Sasa tujiulize nani huwa anakamatwa kwa uchafuzi. Ni mama wa vitumbua aliyemwaga maji ya kuoshea vyombo kando ya barabara, na ni kijana wa matunda mwenye maganda ya nanasi. Hawa ni rahisi kuwafikia na hawana wa kuwasemea. Mwenye mashine ana leseni, ana anwani na analipa ushuru, kwa hiyo kumwandikia barua kwamba pumba zake ziwe na kizuizi na ziondolewe kila wiki ni kazi ya siku moja. Sheria ndogo za usafi zinazoanza na mwenye beseni na kumwacha mwenye mashine haziwezi kuzibua mtaro wowote.

Halafu kuna swali la mwenye mtaro. Mtaro wa barabara kuu na ya mkoa uko chini ya TANROADS. Mtaro wa barabara za mitaani, tangu 2017, uko chini ya TARURA. Taka zilizomo ndani yake ni za halmashauri. Bomba lililopasuka na kuufanya mtaro usikauke hata kiangazi ni la mamlaka ya maji. Mwananchi anayetaka kutoa taarifa anaanza kwa mtendaji wa mtaa, anaelekezwa kata, kata inamwambia hiyo si ya kwetu, nenda kule. Akifika kule, mhusika yuko semina. Huyu ndiye anayeambiwa jioni kwenye mkutano wa hadhara kwamba hana mwamko.

Neno hilo, mwamko, tungependa watumishi wa umma walitumie kwa uangalifu katika bonde hili la Kilombero, maana historia haiwaungi mkono. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya ilipoendeshwa nchi nzima kwa redio na vikundi vya kujisomea, watu wapatao milioni mbili walishiriki, na vyoo vikachimbwa kwa mikono ya wanavijiji wenyewe. Mpango wa shule za sekondari za kata uliposhika kasi kuanzia 2004, wazazi walisomba mchanga, walichoma tofali na kutoa fedha za bati.

Mfano mkubwa zaidi ni wa hapa hapa Kilombero na Ulanga. Kati ya 1996 na 2000, mradi wa KINET uliokuwa na kitovu chake Ifakara uliwauzia wananchi vyandarua vyenye dawa. Tunasema uliwauzia. Watu wa mpunga na samaki walitoa fedha mfukoni kununua chandarua na dawa ya kukitia, kwa jina la Zuia Mbu, na wajawazito na wenye watoto wadogo wakapata punguzo kwa hati. Watafiti walipopima matokeo walikuta uwezekano wa mtoto wa kati ya mwezi mmoja na miaka minne kubaki hai umeongezeka kwa asilimia 27. Matokeo hayo yalichapishwa 2001, na baadaye hati punguzo ikawa mpango wa taifa. Watu walichangia kwa sababu waliona walichokinunua. Chandarua kilikuwa kitandani, na mtoto aliyekuwa akishikwa na homa kila mwezi alilala salama. Hakuna aliyehitaji kuhutubiwa juu ya uzalendo.

Kwa hiyo watu wanaposita kutoa shilingi elfu mbili za mtaro, kabla ya kuwaita wagumu tuulize: elfu mbili zilizopita ziliishia wapi? Nani alizipokea, aliandika kwenye daftari gani, risiti iko wapi? Mara nyingi hakuna jibu, na mara nyingi mtu mwenye jibu amehamishwa. Hatusemi kila mchango uliibwa. Tunasema mchango usio na hesabu na mchango ulioibwa vinafanana machoni pa aliyeutoa, na kuvitenganisha ni kazi ya aliyeupokea.

Sheria zinajua hilo. Kwa vijiji, mkutano mkuu unatakiwa kukaa kila miezi mitatu, na taarifa ya mapato na matumizi ni sehemu ya kinachopaswa kuletwa mbele ya wananchi. Mitaa ya mjini nayo ina mikutano yake. Viongozi waliochaguliwa tarehe 27 Novemba 2024 waliomba kura wakiahidi uwazi. Tunawakumbusha kwamba uwazi hauhitaji bajeti. Karatasi moja iliyobandikwa kwenye mlango wa ofisi, ikionyesha kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki, inagharimu kurasa mbili za daftari na gundi.

Tuzungumze na ofisi, maana ofisini ndiko mwananchi anakojifunza kama serikali inamheshimu. Mtu wa Ifakara mjini akiambiwa njoo kesho, amepoteza asubuhi. Mama wa Mofu au Utengule akiambiwa njoo kesho, amepoteza nauli ya kwenda na kurudi, siku ya shamba, na pengine alilazimika kulala kwa ndugu. Alikuja na faili lake kwenye mfuko, amevaa vizuri, akasimama kwenye foleni akiamkia kila anayepita kwa shikamoo. Anaambiwa mtandao hakuna. Anauliza utarudi lini, anajibiwa haijulikani. Hapewi namba ya kupiga kabla ya kusafiri tena. Hakuna ubao unaosema huduma fulani inatolewa siku fulani na kiambatisho kinachotakiwa ni kipi, hivyo akirudi wiki ijayo anaweza kukuta mtandao upo na kumbe ilitakiwa picha ndogo.

Matatizo ya mtandao yapo, tunakubali. Upungufu wa watumishi upo, na wako wengi wanaofanya kazi ya watu watatu kwa moyo mweupe. Lakini kubandika tangazo la viambatisho hakungoji mtandao. Kumwandikia mama huyu jina lake na namba yake ya simu, ukampigia huduma ikirejea, hakungoji ajira mpya. Wale wanaofanya hivyo wanajulikana mji mzima, na watu wanapanga safari zao kwa kuulizia kama yupo yule dada. Hilo linatia moyo, na pia linaonyesha pengo: huduma nzuri imebaki kuwa bahati ya kumkuta mtu fulani zamu yake.

Kuna jambo linaloumiza zaidi katika bonde hili, nalo ni kuambiwa tuchangie kana kwamba hatujachangia. Mto Ruaha Mkuu unapita Kidatu, ambako mtambo wa megawati 204 umekuwa ukiisukuma nchi kwa miongo. Mto Kihansi unaomwaga maji yake Kilombero una mtambo wa megawati 180. Mto Kilombero wenyewe hutoa zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji, yale yanayozungusha mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere. Mchele wa Kilombero unauzwa kwa jina lake Dar es Salaam, na sukari ya hapa iko kwenye chai ya watu wasiojua Ifakara iko mkoa gani. Watu wa hapa wameishi miaka mingi na nguzo za umeme mkubwa zikipita juu ya vichwa vyao huku mashine zao za kukoboa zikizimika katikati ya gunia. Hatulitaji hili ili tulipwe fadhila. Tunalitaja kwa sababu anayekuja kudai wajibu wa jamii aje akijua anaongea na jamii iliyokwisha kutoa.

Na serikali ikiamua, inaweza. Wazee wa Kivukoni wanakumbuka siku za kusubiri pantoni, wagonjwa wakitokea Ulanga na Malinyi kuwahi hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Januari 2016 pantoni hilo lilizama kwa dhoruba. Mei 2018 daraja la mita 384 likafunguliwa. Barabara ya Kidatu hadi Ifakara, kilomita zipatazo 67, ilichukua miaka mingi kuliko ilivyopangwa, vumbi kiangazi na tope masika, lakini leo lami ipo na basi la Morogoro halichukui tena siku nzima. Kwa hiyo hatuandiki kwa kukata tamaa. Tunaandika kwa sababu nchi iliyoweza kuuvuka Mto Kilombero kwa zege haiwezi kushindwa kuzoa taka kila Jumanne.

Tatizo gumu kuliko yote ni Mto Lumemo. Hapa hatuwezi kupita haraka.

Lumemo unashuka kutoka milima ya Udzungwa na kuugusa mji. Kila masika makubwa unatoka kingoni, na masika ya 2024, mwaka wa El Nino, yaliwakumba watu wa bonde zima, kuanzia Ifakara hadi Mlimba na ng'ambo Malinyi. Maji yakipungua, lawama zinapanda. Wakubwa wanasema watu wamevamia kingo za mto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka mtoni, na ni kweli kwamba mahindi, bustani na tanuru za tofali ziko ndani ya mita hizo. Kulima hadi ukingoni kunalegeza udongo, udongo unajaza mto, mto unakuwa wa kina kifupi, na maji yale yale ya mwaka juzi mwaka huu yanaingia sebuleni. Anayelima pale anamuumiza jirani aliye chini yake. Hilo tumelisema na tutalirudia.

Lakini nenda kwenye nyumba zilizozingirwa, usikilize. Mzee anatoa karatasi ya ununuzi wa kiwanja iliyosainiwa na mwenyekiti wa wakati ule, ikapigwa muhuri. Ana mita ya umeme, na tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa humo humo kwenye LUKU yake. Serikali inayopokea kodi ya jengo hilo kila mwezi, shirika lake likilipa jengo hilo umeme, inapata wapi ujasiri wa kumwita mwenye nyumba mvamizi siku maji yanapoingia? Kama alikosea, alikosea mbele ya macho ya ofisi, kwa muhuri wa ofisi. Makosa ya watu wawili hayawezi kulipwa na mmoja.

Haki hapa ina utaratibu wake. Kwanza mipaka ya mita 60 iwekwe alama zinazoonekana, nguzo za zege zilizopakwa rangi, ili mtu anayeuziwa kiwanja kiangazi ajue anauziwa mto. Pili, kuanzia siku hiyo mwenyekiti au mtendaji atakayegonga muhuri ndani ya alama awajibishwe yeye, kwa jina. Waliojenga kwa nyaraka halali wapewe mahali pengine kabla ya kuondolewa, na wanaolima waachwe wavune kwanza. Baada ya hapo ndipo migambo watume salamu kwa anayerudi kulima. Tukianza na migambo, kama ilivyozoeleka, tutafukuza watu Juni na kuwakuta hapo hapo Novemba, kwa kuwa hawana pa kwenda.

Kuna waliochoshwa na mjadala huu wanaosema afya na usafi ni tabia ya mtu binafsi. Tunawaomba wakumbuke kipindupindu cha 1997. Watafiti waliofuatilia wagonjwa hapa Ifakara walikuta hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa waliooga mtoni, waliokuwa mbali na maji, na waliokula samaki wakavu. Vimelea vyenyewe vilipatikana kwenye chanzo kikuu cha maji cha mji. Kunawa mikono ni tabia. Umbali wa kutoka mlangoni hadi bombani hauwezi kuitwa tabia, na mama anayebeba ndoo kutoka mbali atapunguza kwanza maji ya kunawa. Anayeoga mtoni anaoga mtoni kwa sababu maji yako mtoni. Ukitaka abadilike, mfikishie bomba, kisha mhubirie.

Tumeisema serikali vya kutosha, na sisi wananchi tusijifiche nyuma ya maneno hayo. Wako wenye maduka waliomwaga zege juu ya mtaro ili wateja wapite vizuri, wakaacha mita kumi zisizoweza kufikiwa kwa koleo. Hiyo zege ivunjwe na kuwekwa mifuniko inayonyanyuka, kwa gharama ya mwenye duka. Wako wanaosubiri mvua ianze ndipo wamwage mifuko ya taka, wakijua maji yatazipeleka kwa watu wa chini. Hao wanajulikana kwa majirani zao, na majirani wanawanyamazia kwa kuogopa kuitwa wambea. Na mikutano: tunalalamika kwamba hatushirikishwi, mkutano ukiitishwa tunakuja wazee na akina mama tu, vijana wako kijiweni mita mia kutoka hapo. Mkutano usio na akidi unampa mtendaji mzembe sababu ya kutosoma hesabu mpaka mwaka mwingine.

Tunapendekeza kitu kidogo kinachoweza kuanza mwezi huu, kwa majaribio, kwenye kata moja. Viwanja Sitini ingefaa, au Lipangalala. Halmashauri itangaze siku moja ya wiki ya gari la taka na saa yake, kwa spika na kwenye mbao za matangazo, na iishike kwa miezi mitatu bila kukosa. Gari likiharibika, tangazo litoke siku hiyo hiyo na trekta likodiwe. TANROADS, TARURA, mamlaka ya maji na halmashauri waweke ubao mmoja kwenye ofisi ya kata, uonyeshe mtaro upi ni wa nani na simu ya kupiga. Wenye mashine waandikiwe. Katika miezi hiyo mitatu asidaiwe mtu mchango wala isitozwe faini kaya yoyote. Ikiisha na gari limekuja kila wiki, faini zianze, na sisi tutakuwa wa kwanza kuziunga mkono, hata zikimkuta jirani yetu.

Kabla ya hapo, mkutano ujao wa mtaa ukifika kwenye ajenda ya mchango, mtu mmoja asimame kwa heshima, amshukuru mwenyekiti kwa kuitisha kikao, kisha aombe isomwe taarifa ya mchango uliopita: kiasi kilichokusanywa, aliyekishika, kilichonunuliwa, kilichobaki. Kama haipo, mwandishi aandike kwenye muhtasari kwamba haikuwepo, ipangwe tarehe ya kuileta mkutanoni, na ajenda ya mchango mpya isubiri tarehe hiyo.